Kipaza Sauti Kisichofaa

Jumatatu, 4 Machi

Mji huu wa Arroyo Tuerto hauna shukrani. Naandika hivi nikiwa nimetulia kabisa.

Jioni nilipita baa kwa Nelson. Heber Techera alikuwepo, tena kwenye kiti changu. Mimi na yeye ndio watangazaji wa mji. Mimi nina pikapu na kipaza sauti alichoniachia marehemu baba, kile chenye mdomo mpana kama beseni. Yeye ana kigari kipya na spika mbili zinazotoa maneno kama mtu aliyebanwa pua. Tunatangaza bingo, sarakasi, bei ya nyama na misiba. Siku hizi watu wanatumiana ujumbe kwenye simu, kazi imepungua. Heber anadai imepungua kwangu tu. Mwongo.

Habari ya leo ilikuwa klabu ya bangi ya Mwalimu Élida Sosa. Klabu yenyewe ni halali, ina karatasi zote na mihuri yote. Lakini sheria inataka wanachama wasiopungua kumi na watano, na wawili wamehamia mji mkuu, Montevideo. Mkaguzi anakuja mwezi huu. Asipokuta nafasi hizo mbili zimejazwa, klabu inafutwa. Na kutangaza ni mwiko.

Nikasema, kwa upole tu, kwamba duniani hakuna kitu kisichotangazika. Heber akacheka mpaka akapaliwa. Akawauliza wote baani kama kuna aliyewahi kunielewa hata ninapotangaza nyama. "Kipaza chako kinakoroma, Waldemar! Siku ukitangaza moto, watu wataungua huku wanaulizana umesema nini!"

Watu wakacheka. Nelson naye! Mtu niliyemtangazia ubatizo wa mwanawe!

Hapo hapo nikaamua. Nitampatia Mwalimu wanachama wawili. Kwa kipaza hiki hiki kinachokoroma.

Usiku nikamweleza mke wangu, Nibia. Hakushtuka. Alisema tu kwamba kipaza kikitwaliwa na serikali, nitakwenda shambani kwa kaka yake Ruperto kuogesha kondoo, na begi atanifungia yeye mwenyewe. Shemeji Ruperto amekuwa akinililia mwaka mzima niende. Anasema sauti yangu inafaa kuswagia mifugo. Mimi! Kondoo! Halafu Nibia akaongeza kwamba magoti yanamsumbua, na kwamba labda yeye mwenyewe angejaribu hayo mambo ya Mwalimu. Nikamwomba asinikatize ninapofikiri.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma sheria. Si yote. Kile kifungu cha matangazo tu.

Kinataja kila kitu kinachokatazwa. Magazeti, redio, televisheni, sinema, mabango, vipeperushi, bendera, barua pepe, mtandao. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Kipaza sauti juu ya pikapu hakimo! Wasomi wa mji mkuu wamesahau kwamba huku mashambani tupo.

Nikaenda mbio kwa Mwalimu. Nilimkuta uani, nyuma ya ule ukuta mrefu, anakagua mimea yake huku ananyonya chai ya yerba kwa mrija. Alinifundisha kemia shuleni akaniangusha, na mpaka leo ananiita Bentancor kama ninaitwa ubaoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama niligeuza ukurasa.

Sikuwa nimegeuza.

Kumbe nyuma kuna maneno mengine: "pamoja na njia nyingine yoyote ifaayo." Akanisomea na adhabu. Faini. Kutwaliwa mali na vifaa vilivyotumika. Klabu kusimamishwa. Klabu kufungwa kabisa. Pale kwenye vifaa vilivyotumika alirudia polepole, akiitazama pikapu yangu kupitia mlangoni.

Akaniambia pia kuhusu watu wake. Kuna mama ambaye vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Kuna Don Artigas, aliyekuwa fundi wa treni, asiyepata usingizi kwa mgongo. Duka la dawa linalouza bangi liko mbali, na basi haliji kila siku. Klabu ikifungwa, hawana pa kwenda. Nilisikia huruma, kweli. Nikamwambia asijali, mimi nipo. Akasema hilo ndilo linalomkosesha raha. "Bentancor, nikikusikia umenitaja barabarani, nitakushusha kwenye hilo gari kwa kukushika sikio."

Nimemwelewa vizuri. Amenikataza kumtangaza yeye. Hajanikataza kutangaza sheria.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimetumia akili. Niiandike ilivyokuwa, isije ikapotea.

Saa nne asubuhi, watu wamejaa uwanjani wananunua mboga. Nikashika maiki. "Wananchi wa Arroyo Tuerto! Mnakumbushwa kwamba ni marufuku kabisa kutangaza bangi safi, iliyokaushwa kwa uangalifu, ya klabu iliyoko mtaa wa kituo cha zamani cha treni, mlango wa kijani. Ni marufuku kusema kwamba zimebaki nafasi mbili. Ni marufuku pia kumwambia jirani. Asanteni kwa kuheshimu sheria!"

Nikazunguka mji mzima. Hakuna wakili angeweza kunigusa. Ilikuwa elimu kwa umma.

Koplo Milton wa polisi akanisimamisha penye kona ya benki. Akaniuliza kama lile lilikuwa tangazo. Nikamwambia ni kinyume cha tangazo. Akakuna kichwa, akaniomba nirudie ili aandike. Nikarudia. Nilijisikia vizuri sana.

Mchana nikapita kuangalia matunda ya kazi yangu. Mlangoni kwa Mwalimu walikuwepo walevi wawili wa kwa Nelson, ambao Mwalimu alikuwa amekwisha kuwafukuza mara moja. Walikuwepo Wabrazili watatu wenye kofia, na wageni hawaruhusiwi kujiunga. Alikuwepo pia Padre Olivera, aliyekuja kuuliza kama mimi mzima.

Mwanachama hata mmoja!

Na Mwalimu akatimiza ahadi yake. Alikuja mpaka uwanjani, akafungua mlango wa pikapu, akanishusha kwa sikio mbele ya watu wanaonunua mboga. Akasema kama klabu itafungwa kwa ajili yangu, hatanisamehe hata kaburini. Sikio bado linawaka.

Jioni Nibia akaniambia kuna mtu amepeleka malalamiko Montevideo, na mkaguzi anakuja wiki ijayo tu. Mimi namshuku Heber. Nibia anasema angeshuku mji mzima, maana wote wamesikia.

Wamesikia! Nikamwomba aseme tena.

Jumanne, 12 Machi

Nimegundua nilipokosea. Nilisema.

Mkaguzi anakuja keshokutwa, nafasi mbili bado ziko wazi, na mdomo nimekatazwa. Basi nitatangaza kwa kunyamaza. Mji mzima umezoea sauti yangu kila asubuhi. Nikipita kimya, polepole, halafu nikaegesha mbele ya mlango wa kijani, kila mtu atajiuliza kuna nini pale. Atakwenda. Ataona. Atajiunga. Na neno sijatamka! Ni sheria gani inayokataza mtu kunyamaza?

Nikavaa koti langu jeusi ili nionekane mtu wa maana. Nikapita mtaa mkubwa kwa mwendo wa kutembea. Ikawa kama nilivyotaka. Watu walitoka madukani. Mzee mmoja akavua kofia. Nikamwinamishia kichwa. Nikaona heshima imerudi.

Kitu kimoja tu kilinipita. Tangu enzi za baba, katika mji huu, gari la matangazo huzunguka mara moja kimya kabla ya kutangaza msiba. Polepole. Dereva amevaa koti. Kisha husimama mbele ya nyumba ya marehemu.

Nilipozima injini mlangoni kwa Mwalimu, wanawake wawili walikuwa tayari wanalia.

Baada ya muda mfupi mtaa ulijaa. Mashada ya maua. Keki. Mtu kaleta sufuria zima la kuku. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi, wanafuta machozi na kusimuliana walivyofelishwa. Nilitaka kueleza, lakini nilikuwa nimejiapiza kutosema neno. Na hapo ndipo Heber alipotokea na zile spika zake, akatangaza kifo. Akataja maisha yote ya marehemu: mwalimu, mjane, mwanzilishi wa klabu ambayo maua yake ya bangi hayana mpinzani mkoa mzima.

Mwalimu akatoka na ndala miguuni na birika mkononi. Akauliza nani amekufa.

Don Artigas alizimia. Padre akasema asifiwe Bwana, halafu akaanza kula keki. Heber alilazimishwa kuzunguka mji akitangaza kwamba Mwalimu yu hai na amekasirika. Mimi nilikuwa chini ya pikapu nikiangalia oili.

Hakuna aliyejiunga. Watu wanasema haifai kujaza fomu kwenye msiba.

Alhamisi, 14 Machi

Siku kubwa. Nitaandika kwa utulivu.

Mkaguzi ni mama mmoja mpole anaitwa Noelia Arrillaga, amevaa mabuti ya mvua. Na mvua ilikuwa inanyesha kweli, kwa hiyo kikao kilifanyika jikoni kwa Mwalimu, na Mwalimu akakaanga mikate kama wanavyofanya watu wote huku mvua inaponyesha. Tulikuwepo mimi, Nibia, Heber, Koplo na Padre. Kwanza mkaguzi alihesabu mimea. Sawa. Kuhusu wale wanachama wawili, akasema anaweza kusubiri mpaka jioni kabla ya kufunga jalada. Kisha akafuta unga mikononi na kusema sasa tuje kwenye matangazo.

Aliuliza kama klabu ndiyo iliyotutuma. Koplo akasema haiwezekani, maana Mwalimu alinivuta sikio hadharani. Sikio langu likakaguliwa. Likakubaliwa kama ushahidi. Klabu ikaachiwa. Mwalimu akageuka upande wa jiko, na nikaona mabega yake yanashuka.

Tukabaki mimi na Heber.

Mama Arrillaga akasoma kile kifungu. Alipofika "njia nyingine yoyote ifaayo", akaweka kalamu chini. Akasema yeye si mtu wa kupenda kunyang'anya watu vitendea kazi. Akasema neno ifaayo lina maana yake. Kama chombo ni kibovu kiasi kwamba watu hawaelewi kinachosemwa, basi huenda si njia ifaayo, na yeye angeandika onyo tu na kurudi nyumbani. Akatutazama kwa zamu. Nibia akanikanyaga mguu chini ya meza.

Heber alisimama kabla sentensi haijaisha. Mtu asiye na haya! Akasema spika zake ni takataka. Akasema mkewe hujifungia ndani akizisikia. Akasema tangu azinunue hajawahi kueleweka na kiumbe chochote. Akapewa onyo, akachukua mkate wa pili.

Ikawa zamu yangu. Nilikuwa tayari, naapa. Nilimfikiria Ruperto na kondoo wake. Nikafungua mdomo, nikasema ni kweli, kinakoroma kidogo.

Ingeishia hapo. Lakini Heber, eti ananisaidia, akasema kidogo ni kuniheshimu tu. Akasimulia siku ya mafuriko, nilipowatangazia watu wa bondeni wakimbie, nao wakatoka na vikapu wakidhani nyama imeshuka bei. Koplo akathibitisha, kikapu kimoja kilikuwa cha mama yake. Padre akasema yeye huniombea koo. Mwalimu mwenyewe, aliyenikasirikia mpaka jana, akasema kwa upole kwamba angekuwa anasahihisha matangazo yangu angenipa sifuri. Na Nibia, mke wangu wa ndoa, akasema ameolewa na mimi ujana wake wote na hajawahi kuelewa ninachotangaza, anajua tu kwamba nimefika kona.

Jikoni kote watu wanatikisa vichwa kwa huruma. Mama Arrillaga alikwisha kuanza kuandika onyo. Nililiona neno lenyewe: kisichofaa.

Jamani. Kipaza cha baba!

Nikatoka kwenye mvua. Nikapanda pikapu, nikaisogeza mpaka ng'ambo ya barabara, nikafungua sauti yote. "Wananchi wa Arroyo Tuerto! Klabu ya bangi ya Mwalimu Élida Sosa! Mtaa wa kituo cha zamani, mlango wa kijani! Nafasi mbili! Bangi safi, bei ya wanachama, Mwalimu hana mpinzani!"

Kila neno lilitoka zima. Maneno yaligonga ukuta wa ghala la mpunga yakarudi, na yaliporudi bado yalieleweka. Sijawahi kutangaza vile maishani. Nikatazama dirishani. Walikuwa wamesimama wote, midomo wazi. Mama Arrillaga alikuwa anaandika, na hakuniomba nirudie hata neno moja.

Simu ya Koplo ikalia. Mtu wa ng'ambo ya mto, anauliza kama nafasi bado zipo.

Nimeshinda. Kipaza kimetwaliwa.

Ijumaa, 15 Machi

Heber alisaidia kukifungua. Alikibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la serikali, akakifunika turubai kisilowe. Hakucheka. Akaniambia kilikuwa chombo kizuri, na kwamba amekionea wivu tangu ujana wetu. Nilimjibu ovyo, nikainama kuokota skrubu. Paa la pikapu sasa lina matundu manne tu ya skrubu. Nimeumia, nasema wazi. Baba alikitumia kuutangazia mji huu mpaka siku aliyolazwa.

Mama Arrillaga alinipa mkono. Alisema jalada langu litajadiliwa Montevideo, na kwamba hajawahi kuona mtu akijitetea kwa bidii kiasi kile upande usio wake. Nilimshukuru.

Klabu imesalimika. Imetimiza wanachama kumi na watano. Jana nilipokuwa nje kwenye mvua, Nibia alisaini kwa ajili ya magoti yake. Heber naye akasaini, anaumwa mgongo. Mwalimu akawapa kalamu ile ile ya mkaguzi. Nibia anasema aliniambia toka Jumatatu ile kwamba angependa kujiunga. Sikumbuki. Ningekumbuka.

Begi limefungwa. Ametia soksi nyingi.

Jumatatu, 25 Machi

Shambani kwa Ruperto. Kondoo wanaoga kwenye josho, mimi nawasukuma, wao wananirushia maji yenye dawa. Shemeji ameridhika na sauti yangu. Anasema wanyama wananielewa.

Lakini sikukaa bure. Ni wiki ya mapumziko, mabasi yanapita kutwa kwenda kwenye mashindano ya kupanda farasi, yamejaa watu wa kila mkoa. Na klabu bado ina nafasi, maana sheria inaruhusu wanachama mpaka arobaini na watano. Mwalimu hajaniomba. Hajui anachokikosa.

Ruperto ana rangi ya kijani ya kuwekea mifugo alama. Kila alasiri kondoo wote huvushwa barabara kuu, na mabasi hulazimika kusimama. Nimeanza kuwachora jani ubavuni, kila mmoja jani moja, na mshale unaoelekea mjini. Jani la kwanza lilitoka kama mguu wa kuku. Sasa mkono umekolea.

Safari hii nimesoma sheria vizuri, na ukurasa nimegeuza. Magazeti, redio, bendera, mtandao. Kondoo hawakutajwa popote. Ruperto akiuliza, nitamwambia ni dawa ya kupe. Na mama Arrillaga akija na lile neno lake la ifaayo, nitakaa nimetulia na kusema hapana, mama, hawa si njia ifaayo, ni kondoo wachafu tu ambao hakuna anayewatazama.

Ingawa jana nilipanda kilimani kuhakikisha. Wanaonekana mpaka ng'ambo ya mto. Mtu yeyote akibisha, nitampeleka akaone mwenyewe.